Aliyesikia Naye Ni Shahidi

SABATO MCHANA

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: 2 Samweli 13:1–29, Mambo ya Walawi 5:1, 1 Samweli 2:22–25, Mathayo 18:15–17, Mwanzo 39, Kumbukumbu la Torati 19:15–20, 22:25–27, 1 Timotheo 5:19–21.

Fungu la Kukariri: Mithali 31:8, 9.

Mfano ufuatao umetungwa kwa ajili ya kujifunzia, lakini kila darasa litakaousoma litatambua kwamba mambo yake si mageni.

Binti mmoja amelelewa katika kijiji cha Wilaya ya Handeni. Baba yake ni mkulima wa mahindi. Alipochaguliwa kujiunga na chuo kikuu, mkopo wa Bodi haukutosha, na familia iliuza mbuzi ili kujazia ada. Katika muhula wa pili jaribio la somo moja lilipangwa siku ya Sabato. Binti alifanya kama alivyofundishwa tangu utoto: alimwendea mhadhiri, akamweleza imani yake, akaomba apangiwe siku nyingine. Mhadhiri alikubali kwa maneno mazuri. Baada ya siku mbili alimtumia ujumbe wa simu: siku nyingine itapatikana, ila kwanza wakutane jioni kwenye nyumba ya wageni. Binti hakwenda. Matokeo yalipotoka, alikuwa amefeli somo hilo. Katika simu yake ukaingia ujumbe mwingine wa kumkumbusha kwamba hata mtihani wa marudio, ule ambao wanafunzi huuita sapu, utasahihishwa na mkono ule ule.

Likizo ilipofika alishukia Korogwe, kwa shangazi yake anayeishi Manundu. Jioni, baada ya kufunga Sabato, alimsimulia yote. Shangazi alilia pamoja naye. Kisha akamwonya asimwambie mtu mwingine, kwa maana watu watauliza alikuwa akitafuta nini ofisini kwa mwalimu. Lakini shangazi mwenyewe alielemewa, na kesho yake akamweleza mzee wa kanisa. Mzee akasema, "Mama, jambo hili tumwachie Bwana." Wakaomba. Binti akaenda Handeni kuwasalimu wazazi wake, ambao hawajui lolote.

Dhambi ya mhadhiri haihitaji mjadala mrefu. Somo la juma hili linawahusu zaidi shangazi na mzee. Hawakumdhuru binti, walimwonea huruma, na walimwombea. Je, wametimiza wajibu wao? Mtu aliyesikia habari za uovu aliotendewa mwingine anadaiwa nini na Mungu?

JUMAPILI

Kila Mtu Alisikia

Soma 2 Samweli 13:1–22. Orodhesha watu wote waliojua yaliyompata Tamari. Kila mmoja alifanya nini?

Habari ya Tamari husomwa kwa kumtazama Amnoni, naye anastahili kutazamwa. Hata hivyo mwandishi wa kitabu cha Samweli amewaweka watu wengi kuizunguka dhambi hiyo. Yupo Yonadabu, rafiki mwenye akili, aliyetunga hila ya kujifanya mgonjwa. Yupo Daudi, mfalme na baba, aliyemtuma binti yake kwenda kupika chakula chumbani bila kujua kinachomngoja. Wapo watumishi waliotolewa nje, na yupo yule aliyeamriwa kumtoa Tamari na kufunga mlango nyuma yake. Yupo Absalomu, ndugu yake wa damu.

Jambo la kwanza la kuangalia ni kwamba Tamari alisema. Kabla ya kitendo alikataa kwa hoja: jambo hilo halitendeki katika Israeli, litamwachia yeye aibu, na litamfanya Amnoni kuwa mpumbavu. Baada ya kitendo alirarua vazi lake, akatia majivu kichwani, akaenda njiani akilia kwa sauti. Hapakuwa na siri. Mtu anayeuliza kwa nini wanawake hawasemi na aisome sura hii tena.

Jambo la pili ni majibu aliyopewa. Absalomu alimwambia anyamaze, kwa kuwa aliyemtenda ni ndugu yake, na asilitie jambo hilo moyoni. Alimpa nyumba ya kukaa, lakini alimnyang'anya sauti. Daudi aliposikia alikasirika sana (fungu la 21), na baada ya hasira hiyo Maandiko hayasemi kwamba alifanya lolote. Hakumwita Amnoni, hakumwita Tamari, hakuitisha hukumu. Mfalme aliyekuwa mwamuzi mkuu wa Israeli alibaki na hasira tu.

Matokeo yanajulikana. Miaka miwili baadaye Absalomu alimuua Amnoni karamuni, na mambo yaliyofuata yaliifikisha nyumba ya Daudi kwenye maasi na vita. Haki iliyonyimwa mahali pake halali ilitafuta mlango mwingine, ikaingia na upanga. Na Tamari alibaki ukiwa katika nyumba ya ndugu yake. Kisasi cha Absalomu hakikumrudishia chochote.

Tafakari: Huruma ya shangazi wa Korogwe inafanana na ya Absalomu katika jambo gani? Inatofautiana naye katika jambo gani?

JUMATATU

Kuta za Chuo

Yaliyotokea katika nyumba ya Daudi yametokea pia katika nyumba za elimu. Februari 1990, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Levina Mukasa, alijitoa uhai baada ya kusumbuliwa na wanafunzi wa kiume. Katika masaibu yake ilitajwa desturi iliyoitwa Mzee Punch: michoro na maandishi yaliyobandikwa ukutani na watu wasiojitaja, ili kuwaaibisha wenzao, hasa wasichana. Waliobandika walikuwa wachache. Waliosimama kusoma na kucheka walikuwa wengi. Chama cha Wanahabari Wanawake Tanzania, TAMWA, kilichoanzishwa mwaka 1987, kilikuwa miongoni mwa waliokataa kifo hicho kipite kimya, na tangu hapo suala la usalama wa wanafunzi wa kike likaanza kusemwa hadharani.

Mwaka 2018, Rais John Magufuli alipokwenda chuoni hapo kufungua maktaba mpya, mhadhiri Dkt. Vicensia Shule aliandika katika mtandao wa Twitter kwamba rushwa ya ngono chuoni ni tatizo linalopaswa kumfikia Rais. Maneno yake yalizua mjadala nchi nzima, naye mwenyewe akatakiwa kutoa maelezo. Baadaye Taasisi ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa, TAKUKURU, ilifanya utafiti kuhusu rushwa hiyo katika vyuo vikuu vya Dar es Salaam na Dodoma. Mwaka huo huo wa 2018, Chuo Kikuu cha Makerere nchini Uganda, ambacho kilikuwa na sera dhidi ya unyanyasaji wa kingono tangu 2006, kililazimika kuunda kamati chini ya Profesa Sylvia Tamale kuchunguza kwa nini unyanyasaji unaendelea. Mwaka 2019 waandishi wa BBC walionyesha mambo ya namna hiyo katika vyuo vikuu vya Lagos na Ghana.

Mifano hii inafundisha jambo moja. Sera ilikuwepo Makerere, na mambo mengi yalikuwa yakinong'onwa mabwenini muda mrefu kabla ya kufika ofisini. Kilichopungua ni mtu wa kulitoa neno kwenye mnong'ono na kulifikisha mahali linapoweza kuchunguzwa. Soma Mambo ya Walawi 5:1. Torati inamhesabia hatia mtu aliyeona au kujua jambo, akaitwa kushuhudia, naye asiseme. Mtu huyo hakutenda uovu wenyewe. Uovu wake ni kuufungia uovu wa mwingine mlango.

Tafakari: Kuna mnong'ono gani katika kanisa, shule au chuo kilicho karibu nawe ambao umezoeleka kiasi cha kutoshtua tena?

JUMANNE

"Funika Kombe"

Wahenga wana msemo: funika kombe mwanaharamu apite. Kwa mambo madogo ya majirani msemo huu huleta amani. Kwa dhambi inayoumiza watu, humlinda huyo huyo anayepita. Ndani ya kanisa kombe hufunikwa kwa sababu mbili zinazosikika kuwa za kiroho.

Sababu ya kwanza ni jina la Bwana. Husemwa kwamba jambo likijulikana, kanisa litachafuka. Soma 1 Samweli 2:22–25. Wana wa Eli walilala na wanawake waliohudumu mlangoni pa hema ya kukutania. Eli alisikia, akawakemea kwa maneno, akawaacha katika nafasi zao. Mungu hakumsifu kwa kulinda heshima ya Shilo. Alimhukumu kwa kuwaheshimu wanawe kuliko Yeye. Jina la Bwana lilikuwa limekwisha kuchafuliwa pale mlangoni pa hema, na watu wote walikuwa wakilisema. Kunyamaza hakukulisafisha.

Sababu ya pili ni msamaha. Hapa hutajwa Mathayo 18, na binti huambiwa amwendee mkosaji wakiwa wawili peke yao. Lakini Kristo alikuwa anazungumza na ndugu waliokoseana, walio sawa mbele ya kanisa. Hakuwa anamtuma mwanafunzi arudi peke yake katika ofisi aliyotegewa mtego. Tena mwenendo ule wa Mathayo 18 hauishii sirini. Unakwenda kwa mashahidi, kisha kwa kanisa zima. Anayeusoma mstari wa kwanza na kuacha mingine hajausoma.

Msamaha wenyewe lazima ueleweke vema. Ni kuachilia kisasi moyoni, kwa neema ya Mungu, na ni wa yule aliyekosewa. Mzee wa kanisa hawezi kuutoa kwa niaba ya binti, wala kumharakisha autoe ili mkutano upate utulivu. Kutoa taarifa kunahusu jambo jingine: usalama wa mwanafunzi anayefuata. Mtu anaweza kumsamehe aliyemchomea nyumba, na bado akamnyang'anya kiberiti.

Tafakari: Je, inawezekana kumpenda mkosaji huku ukimpeleka mbele ya sheria? Soma Warumi 13:1–4 kabla ya kujibu.

JUMATANO

Je, Kama Si Kweli?

Kuna hofu nyingine, nayo ni halali. Mashtaka ya uongo yapo, na jina la mtu likivunjwa halishonwi upesi. Wengi hutaja habari ya Yusufu. Ni vyema kuisoma kwa makini.

Soma Mwanzo 39:7–20. Nani alikuwa na mamlaka, na nani hakuwa nayo?

Mke wa Potifa alimsumbua Yusufu siku baada ya siku. Yeye alikuwa bibi wa nyumba, Yusufu mtumwa aliyenunuliwa. Yusufu alipokataa, mwenye mamlaka alisema, na neno lake likaaminiwa. Biblia haitaji kwamba Yusufu aliulizwa hata swali moja. Kwa hiyo habari hii haifundishi kwamba wanaolalamika husema uongo. Inafundisha kwamba pasipo uchunguzi, neno la mkubwa hushinda. Yusufu aliombwa ngono na aliyekuwa juu yake, akakataa kwa ajili ya Mungu, akaadhibiwa kwa kukataa. Huyo yuko upande mmoja na binti wa Handeni.

Dawa ya uongo, basi, ni uchunguzi. Kumbukumbu la Torati 19:15–20 inataka mashahidi, inawataka waamuzi waulize kwa bidii, na inamwadhibu shahidi wa uongo. Lakini 22:25–27 inamtazama msichana aliyeshikwa shambani, ambako hakuna wa kumsikia. Torati inafananisha kosa hilo na mauaji, na inasema msichana hana dhambi. Haikumnyima haki kwa sababu tu hapakuwa na shahidi wa pili. Fungu linalotangulia, la kesi ya mjini, hutumiwa na wengine kuuliza, "Kwa nini hakupiga kelele?" Msingi wa sheria ile ulikuwa kwamba mjini yupo wa kusikia. Ofisi iliyofungwa jioni, baada ya wenzake kuondoka, ni shamba hata kama iko katikati ya jiji.

Sheria ya Tanzania imelitambua jambo hili. Tangu marekebisho ya mwaka 1998, mahakama inaweza kumtia mtu hatiani katika kosa la kingono kwa ushahidi wa aliyetendewa peke yake, ikiwa imeridhika kwamba anasema kweli. Na mara nyingi binti hayuko peke yake kabisa: ujumbe wa simu nao hushuhudia.

Hapa ndipo penye ufumbuzi wa hofu ya mzee wa Korogwe. Alidhani kwamba akilipeleka jambo mbele atakuwa amemhukumu mhadhiri asiyemjua. Lakini kutoa taarifa si kutoa hukumu. Ni kulikabidhi jambo kwa wenye uwezo wa kusikiliza pande zote mbili, kama Nikodemo alivyotaka katika Yohana 7:51. Aliyehukumu kabla ya kusikiliza ni yule anayesema, "Hakuna haja ya kuchunguza." Huyo amekwisha kuamua kwamba binti hastahili kusikilizwa.

Mtuhumiwa akiwa kiongozi wa kanisa, kanuni ni ile ile. Soma 1 Timotheo 5:19–21. Paulo anamlinda mzee asishtakiwe ovyo, kisha anaagiza wanaodumu katika dhambi wakemewe mbele ya wote, bila upendeleo.

ALHAMISI

Sauti Ni ya Nani?

Linabaki swali gumu kuliko yote. Binti alimwambia shangazi kwa siri. Ni mtu mzima, na anaogopa kudisko. Je, shangazi aende polisi bila ridhaa yake?

Ikiwa aliyetendewa hajatimiza miaka 18, hakuna la kujadili. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mwanajamii anayejua mtoto anaumizwa atoe taarifa kwa mamlaka ya serikali ya mtaa. Mzee wa kanisa naye ni mwanajamii.

Kwa mtu mzima, yaliyompata ni yake kuyasema. Amnoni alimnyang'anya Tamari uamuzi juu ya mwili wake, na Absalomu akamnyang'anya uamuzi juu ya maneno yake. Msaidizi anayekimbia kutangaza bila ruhusa anaweza kuwa mtu wa tatu kumnyang'anya. Siri ya binti ni yake. Lakini hatari inayowangoja wasichana wengine si yake peke yake, wala asiachiwe yeye kuibeba. Kati ya kutangaza na kufunika kuna njia, nayo ina kazi nyingi.

Kwanza, asikilizwe bila kuulizwa alivaa nini wala alikwenda kutafuta nini. Pili, ushahidi utunzwe: ujumbe usifutwe, na tarehe ziandikwe. Tatu, ikiwa alishikwa kwa nguvu, apelekwe hospitali upesi, kwa maana dawa za kuzuia maambukizi ya VVU huanza kutolewa ndani ya saa 72. Korogwe ipo Hospitali ya Magunga. Nne, aonyeshwe milango iliyopo. Kudai ngono ili kutoa haki au upendeleo ni kosa chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, na TAKUKURU hupokea taarifa bila malipo kwa namba 113. Polisi wana Dawati la Jinsia na Watoto. Tangu mwaka 2021 Serikali ina mwongozo wa kuanzisha madawati ya jinsia katika vyuo. Tano, asiende peke yake. Kumwambia mtu "nenda karipoti" ni rahisi. Kukaa naye kwenye benchi la kituo tangu asubuhi hadi jioni ndiyo huduma.

Liko na jambo ambalo kanisa linaweza kulifanya bila kutaja jina la binti hata mara moja. Mwanafunzi Mwadventista hujikuta akihitaji hisani ya mhadhiri kwa sababu ya Sabato. Imani yake njema inamweka mlangoni pa ofisi, peke yake, akiomba. Viongozi wa TUCASA na wachungaji wa mitaa yenye vyuo wanaweza kuandika barua kwa utawala mwanzoni mwa kila muhula, wakiomba mabadiliko ya siku za mitihani kwa wanafunzi wote kwa pamoja, kwa maandishi. Ombi likipita njia hiyo, hakuna anayepaswa kulinunua.

Tafakari: Kanisa lako lina mtu gani, mwanamke na mwanaume, ambaye binti anaweza kumwendea akijua atasikilizwa na kusindikizwa?

IJUMAA

Kwa Kujifunza Zaidi

Kanisa la Waadventista Wasabato lilianzisha kampeni ya enditnow mwaka 2009, kwa ushirikiano wa ADRA na Idara ya Huduma za Wanawake, na Sabato ya nne ya Agosti hutengwa kila mwaka kwa ajili ya kukemea unyanyasaji. Hubiri la siku hiyo ni jema. Lakini kipimo chake ni kile kinachotokea Jumapili, binti anapobisha hodi kwa mzee.

Maombi ya mzee wa Korogwe hayakuwa makosa. Musa aliomba kando ya Bahari ya Shamu, na Bwana akamwambia awaambie watu waendelee mbele (Kutoka 14:15). Kuomba kulikuwa mwanzo wa kazi ya mzee, naye alikufanya kuwa mwisho. Bado ana nafasi. Likizo haijaisha, na binti atapita tena Korogwe kwa shangazi yake siku ya kurudi chuoni. Ujumbe bado umo ndani ya simu. Anachohitaji kuulizwa ni swali moja, kwa upole: "Binti yetu, ungependa tufanye nini pamoja nawe?" Na anayeuliza awe tayari kukata tiketi ya pili ya basi.

Maswali ya Kujadili:

1. Daudi alikuwa na dhambi yake mwenyewe na Bathsheba (2 Samweli 11). Je, yawezekana kumbukumbu ya dhambi hiyo ndiyo iliyomfunga mdomo mbele ya Amnoni? Kiongozi mwenye historia ya aibu afanye nini anapoletewa jambo kama hili?

2. Mwaka 2024 lilitolewa pendekezo la sheria ambalo lingemtia hatiani pia anayetoa ngono kwa mwenye mamlaka. Watetezi wa wanawake walipinga, wakihofu kwamba waathirika hawatathubutu kuripoti. Tafakarini: ni tofauti gani iliyopo kati ya anayeshawishi ili apate asichostahili na anayelazimishwa ili apate haki yake?

3. Wazazi wa Handeni hawajui lolote. Je, waambiwe? Na nani, na lini?

4. Darasa lenu likiandika barua moja tu juma hili kuhusu jambo hili, itakwenda kwa nani, na itaomba nini?